Umehamia Kwako, Mbona Bado Unajiona Mgeni?

Watu wakisikia umehamia kwako, kwanza ni hongera. Umeachana na kodi ya miezi sita kwa mkupuo, umeachana na dalali, umeachana na ugomvi wa kuchangia umeme wa LUKU na jirani anayepiga pasi kila usiku. Hongera sana! Baada ya hapo unaanzaje kumwambia mtu kwamba nyumba ni yako, umeijenga tofali kwa tofali, lakini jioni ikiingia moyo unataka kurudi ulikotoka? Utaonekana huna shukrani. Nililibeba jambo hili kimya kwa muda mrefu, na ninaandika kwa ajili ya anayelibeba sasa hivi.

Sisi tulitoka Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, tukahamia Muriet, kupita Kwa Mrombo. Kaloleni ni mjini hasa: Soko la Kilombero unakwenda kwa miguu, Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha viko jirani, na siku ya mechi kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid huhitaji redio kujua kuwa goli limeingia. Tulipanga kwenye nyumba ya ua mmoja, bomba moja na wapangaji wengi. Muriet tulikuta kiwanja chetu, ukuta wetu, geti letu, upepo na vumbi. Nilichokuwa nikikililia miaka yote, yaani faragha, nilikipata. Nikakosa la kufanya nacho.

Kuhusu kukosa usingizi, usijitie hofu. Usiku wa mwanzo mahali papya akili hailali yote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mtu akilala mahali pageni kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa ubongo hubaki macho kidogo kuliko mwingine, ukisikiliza sauti usizozizoea. Hilo linahusu usiku wa kwanza na hupungua haraka. Kilichoniweka macho mimi baada ya hapo kilikuwa bati.

Huku kwetu kuna ushauri ambao kila mtu anao mdomoni: "Hamia hivyo hivyo, utamalizia ukiwa ndani." Siupingi. Hela ya kodi ni hela ya saruji, na nyumba isiyokaliwa inaibiwa hadi vitasa. Lakini anayekwambia hivyo hakwambii maana ya kulala chini ya bati lisilo na dari kwenye jiji la mwinuko kama Arusha mwezi wa saba. Baridi inashuka moja kwa moja kitandani. Alfajiri bati linatoa jasho linalodondokea shuka. Na masika yakianza, mvua ikipiga hamwezi kuzungumza. Mnakaa sebuleni mnatazamana, kila mtu anasubiri ipungue ndipo amalizie sentensi yake.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na nina msimamo nao: maliza chumba kimoja. Usisambaze hela kidogo kidogo nyumba nzima, plasta nusu huku, dirisha moja kule, rangi ya mkono mmoja sebuleni ili wageni wasiseme. Chagua chumba cha kulala, kipige dari, sakafu, rangi, pazia, taa inayowaka vizuri, mlango unaofunga bila kuusukuma kwa bega. Kiishe kabisa. Sebule ibaki na tofali zake. Wageni watasema, na wao wana nyumba zao za kumalizia. Mume wangu alitaka tuanze na marumaru za sebuleni, tukabishana sana, nikashinda kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa analala upande wa ukuta wenye baridi. Tulipopata chumba kimoja kisichotudai chochote, nyumba iliyobaki ilikoma kunikera. Ukifunga mlango, kelele za fundi, mifuko ya saruji na ndoo za rangi zinabaki nje.

Halafu kuna suala la kule ulikotoka. Wengi tunahamisha makochi na vitanda, maisha tunayaacha. Mwanzoni mboga nilinunua bado Kilombero, nywele nilisukia Kaloleni, cherehani yangu ikiharibika niliipeleka kwa fundi yule yule, hata vocha nilisubiri nikifika mjini. Ukifanya hivyo, mtaa mpya hauna sababu ya kukujua. Unatoka alfajiri, unarudi usiku, unalala. Hapo ni bwenini.

Anza kununua karibu, hata kama nyanya za genge la jirani zimezidi bei kidogo kuliko za sokoni. Nenda dukani kwa Mangi mwenyewe, usimtume mtoto. Usichukue boda kutoka getini mpaka kituoni kila siku. Tembea, siku nyingine pita njia ya nyuma. Kutembea ndiko kulikonionyesha mama anayechoma mahindi jioni, fundi mwingine wa cherehani, na njia ya mkato isiyojaa tope wakati wa masika. Kuna watu watakwambia ukate kabisa, usirudi ulikotoka mpaka uzoee. Hilo sikubaliani nalo. Mimi nimebaki na msusi wangu wa Kaloleni hadi leo na sina mpango wa kumwacha. Bakiza kitu kimoja, kingine chote kihamie.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni majirani. Kaloleni sikuwahi kutafuta jirani. Bomba lilikuwa moja, kwa hiyo ukichota maji umesalimia watu sita kabla hujapiga mswaki. Kamba ya nguo moja, jiko nje, mtoto wa mwenzio analia unambeba. Hata ugomvi wetu ulikuwa namna ya kujuana. Muriet kila mtu ana bomba lake ndani ya ukuta wake na mbwa wake. Nikasema moyoni, watu wa huku wanaringa.

Kumbe wote ni wageni. Mtaa wenyewe unajengwa bado. Huyu katoka Sakina, yule Unga Limited, mwingine kaja na uhamisho wa kazi kutoka Singida. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini usemi huo unahitaji mwenyeji mwenye jembe. Kwenye mitaa hii mipya hayupo. Kila mmoja yuko nyuma ya geti lake anamsubiri mwenzake aanze, na kila mmoja anadhani mwenzake anaringa. Ukilielewa hilo unaacha kununa, unatoka.

Na usitoke na maneno ya "nimekuja kuwasalimu" tu, maana salamu zikiisha mnabaki mmesimama. Toka na swali. Kwetu swali lilikuwa maji. Maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, ndiyo hiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huu wa nchi huzidi hapo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na vichujio vya mkaa wa mifupa vya kuondoa floridi hiyo. Kwa hiyo nilikwenda kwa mama wa geti la pili: "Shikamoo mama. Samahani, maji ya kunywa ya watoto mnachukua wapi? Ya kisima mnafulia tu au na kupikia?" Swali hilo lilinipa nusu saa uani kwake, jina la anayeleta maji kwa toroli, siku ambazo bomba hutoa maji kwa nguvu, na onyo kuhusu mbwa wa nyumba ya kona. Mtu mzima anapenda kuulizwa anachokijua. Jioni ile ile akaja kwangu kuuliza nondo za madirisha nilichomelea kwa nani.

Nenda pia ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe kabla hujawa na shida. Barua ya utambulisho utaihitaji tu, iwe ya benki au ya kitambulisho cha NIDA, na ni vizuri mwenyekiti akujue siku ambayo huombi kitu. Ulizia mchango wa ulinzi shirikishi, ulipe. Ulizia kikundi cha kufa na kuzikana. Najua mtu anaona mkosi kuanza maisha mapya kwa kuulizia misiba, lakini kwetu msiba ndio unaofungua mageti. Nilikwenda kukatakata vitunguu kwenye msiba wa familia nisiyoijua, nikiwa nimejifunga khanga, na hapo ndipo nilipoacha kuitwa "yule wa geti jeusi". Kwa mwenye dini, jumuiya au msikiti wa karibu hufanya kazi ile ile. Omba uhamisho mapema, usiendelee kusali mjini mwaka mzima kwa sababu kwaya ya kule ni nzuri.

Watoto sina mengi ya kusema. Mdogo alimaliza siku chache akawa ana marafiki wengi kuliko mimi. Binti yangu mkubwa alinuna, na kilichomsaidia ni kumruhusu alale Kaloleni kwa shangazi yake wikiendi mojamoja. Usimlazimishe mtoto kufurahi kwa sababu wewe umetumia hela nyingi.

Usihukumu mahali kabla hujapita masika na kipupwe. Ukihamia mwezi wa tisa unaona vumbi tu na malori ya ujenzi. Ukihamia mwezi wa nne unaona tope. Majira yakizunguka unajua viatu vya kuvaa lini, saa ngapi daladala zinajaa, na Meru unaonekana lini bila mawingu.

Kama majira yote yamezunguka na bado hujatulia, kaa chini utenganishe: ni nyumba, ni mtaa, au ni umbali? Nyumba inamalizika. Mtaa unazoeleka. Umbali ni hesabu: andika nauli za watu wote wa nyumbani kwa mwezi, jumlisha boda za usiku, ongeza saa mnazopoteza njiani, linganisha na kodi mliyokuwa mkilipa. Kuna familia ninayoifahamu ilipiga hesabu hiyo, ikapangisha nyumba yake na kurudi kupanga vyumba Sanawari karibu na kazi. Majirani walisema wameshindwa maisha. Wao kila mwezi wanapokea kodi, na baba anafika nyumbani watoto wakiwa bado macho.