Maswali ya Wasomaji: Ruzuku Hulipia Swali, Hailipii Kifaa

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja, nalo ni namna ya kuomba ruzuku za utafiti kutoka kwa wafadhili wa nje, hasa katika kazi zinazounganisha afya na teknolojia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa kasoro inayojitokeza humo nimeikuta katika maandiko mengi ya kuombea ruzuku niliyopewa kuyahakiki, na andiko langu la kwanza lilikataliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Barua ya kwanza: Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo cha afya mkoani Mbeya. Pamoja na mwenzangu wa idara ya kompyuta tumetengeneza programu ya simu inayomfundisha mjamzito dalili za hatari. Tumeomba ruzuku mara mbili, na mara zote tumejibiwa kwa aya moja kwamba andiko letu halikuonyesha pengo la maarifa. Programu inafanya kazi na wakunga wameipenda. Je, tunakataliwa kwa sababu chuo chetu ni kidogo na mimi sina shahada ya uzamivu?

Ndugu yangu, ukubwa wa chuo una uzito wake, na shahada ya uzamivu ni sharti katika baadhi ya ruzuku, kwa hiyo tangazo la mfadhili lisomwe kwanza hadi mwisho. Hata hivyo aya mliyojibiwa inasema jambo jingine, nami naichukulia kuwa ni ya kweli. Mmekieleza kifaa vizuri, lakini hamkuuliza swali. Mfadhili wa utafiti analipia kujua jambo ambalo bado halijulikani, na programu yenu ni njia mojawapo ya kulijua. Kupendwa na wakunga ni habari njema, ila hakumwambii mhakiki ni nini tutakachokijua baada ya miaka miwili ambacho leo hatukijui.

Anzeni na tatizo lenyewe, na mlipime kwa takwimu za sasa. Bado nakutana na maandiko yanayosema kwamba Tanzania hupoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Takwimu hiyo ni ya utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16, ilhali utafiti wa mwaka 2022 ulitoa 104. Mhakiki anayeifahamu nchi yetu akikuta 556 imeandikwa kana kwamba ni ya leo, huanza kuyatilia shaka hata yale mliyoyaandika kwa uangalifu. Isitoshe, kushuka huko ndiko kunakozaa swali zuri: ikiwa vifo vimepungua kiasi hicho, akina mama wanaoendelea kufa ni akina nani, wanaishi umbali gani na kituo, na wanachelewa katika hatua ipi?

Wakunga hufundishwa kwamba ucheleweshaji ni wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nchini tayari upo mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo mjamzito au mama aliyejifungua mwenye dharura huunganishwa na gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Mfumo huo unashughulikia kufika. Programu yenu, kama nimeielewa, inagusa kuamua. Andiko ambalo halitaji m-mama litaonekana limeandikwa na mtu asiyejua kinachotendeka wilayani kwake, bali likiutaja na kujipanga kando yake, litakuwa limekwisha kuonyesha pengo lake.

Kutoka hapo swali linaweza kuandikwa kwa sentensi moja: je, ujumbe wa Kiswahili unaomfikia mjamzito pamoja na mtu mwenye kauli ya mwisho nyumbani unapunguza saa zinazopita kati ya dalili ya kwanza ya hatari na simu ya kuomba usafiri? Sentensi hiyo inaweza kupimwa, na inaweza pia kushindwa, jambo ambalo ni sifa ya swali la utafiti. Vilevile inawalazimisha kujiuliza kama programu ya simu janja ndiyo njia inayofaa. Ikiwa sehemu kubwa ya akina mama mnaowalenga wana simu za kitochi, au simu moja inatumiwa na kaya nzima na inakaa mfukoni mwa baba, basi ujumbe wa sauti unaopigwa kwenye simu yoyote huenda ukawa njia bora kuliko kazi mliyoitolea jasho. Najua linauma kulisikia. Semeni hivyo katika andiko, linganisheni njia zote mbili, na mhakiki ataona kwamba mnatafuta jibu hata likiwa kinyume na kifaa chenu.

Mwiteni mtakwimu kabla ya kuandika neno la kwanza la mbinu. Mkigawa katika makundi ya kulinganishwa zahanati nzima badala ya mama mmoja mmoja, kwa sababu akina mama wa kijiji kimoja husimuliana, idadi ya washiriki mnaowahitaji inabadilika na bajeti yote inabadilika nayo, wala hilo haliwezi kurekebishwa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Nawashauri pia muandike ukurasa mmoja wa malengo mahsusi, kama Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, NIH, inavyodai katika maombi yake, hata kama hamtaomba huko. Ukurasa huo ueleze tatizo, kinachojulikana, kisichojulikana, mnachokusudia kukipima na kitakachobadilika mkikipima. Mpeni mkunga ausome, kisha mpeni mtu wa kompyuta. Mmoja wao akishindwa kusimulia kwa maneno yake ni nini mnachotaka kujua, hampo tayari. Wakielewa wote wawili, utumeni ukurasa huo huo kwa afisa wa programu, yaani afisa wa mfadhili anayesimamia ruzuku hiyo, anayetajwa katika tangazo, mkimuuliza kwa adabu kama wazo linalingana na wito wa maombi. Maofisa hao wamewekwa kwa kazi hiyo, na inanisikitisha kuona jinsi watafiti wetu wanavyoona haya kuwaandikia.

Mwisho, ombeni fedha ndogo kwanza. Kuna ruzuku zilizobuniwa kwa mawazo ambayo bado hayajathibitishwa. Mfano unaojulikana ni ule wa Grand Challenges Explorations, ulioanzishwa mwaka 2008 na Wakfu wa Gates, ambao ulitoa dola 100,000 kwa andiko la kurasa mbili tu. Hapa nchini kuna Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Data za awali kutoka zahanati sita zitawapa nguvu ambayo chuo kikubwa kisicho na data hakina.

Barua ya pili: Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba mjini Kisumu na nina kampuni changa. Tumeunda kifaa cha kupima oksijeni katika damu ya watoto wachanga. Je, ninaweza kuomba ruzuku ya nje kwa jina langu, na bajeti niipangeje?

Kwa kawaida mwombaji ni taasisi, na wewe unakuwa mtafiti mkuu ndani yake. Kampuni changa huruhusiwa katika baadhi ya miito, lakini hapo inapimwa kama taasisi nyingine yoyote: ina hesabu zilizokaguliwa, ina mhasibu, ina utaratibu wa manunuzi? Kama haina, ungana na chuo kikuu au hospitali ya rufaa, na kabla ya kuunganisha majina mwandikiane ni nani mwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kifaa na ni nani mwenye data.

Usajili ndio unaowaangusha wengi. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, taasisi inapaswa kuwa katika mfumo wa usajili wa SAM.gov na kupata utambulisho wa UEI wenye herufi na tarakimu 12, kisha isajiliwe Grants.gov, tovuti ya kuwasilisha maombi, na kwa NIH iwe pia katika mfumo wake wa eRA Commons. NIH yenyewe hushauri usajili uanze angalau wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa ruzuku za Umoja wa Ulaya taasisi huhitaji namba ya utambulisho iitwayo PIC, yenye tarakimu 9. Hakikisha jina na anwani vinafanana, hata nukta, katika kila hati unayowasilisha. Nimewahi kuona andiko zuri la miezi mitano likikosa kuwasilishwa kwa sababu taasisi iliandikwa kwa jina refu mahali pamoja na kwa kifupi mahali pengine, na marekebisho yakachukua muda mrefu kuliko siku zilizobaki.

Katika bajeti, watu wa teknolojia hukumbuka seva na vifaa, wakasahau watu. Weka muuguzi atakayetumia kifaa zamu ya usiku, mafunzo ya kurudia pale watumishi wanapohamishwa, vipuri, umeme wa akiba, ada ya kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, na utekelezaji wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa kuwa data za afya ni data nyeti. Usiziache gharama za uendeshaji wa taasisi kwa kudhani kwamba bajeti ndogo inapendeza. Katika Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kiwango cha kawaida ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, na fedha hizo ndizo zinazomlipa mhasibu. Angalia pia kile ambacho mfadhili halipii: tangu Januari 2025 Wakfu wa Gates haulipii tena ada za kuchapisha makala.

Barua ya tatu: Mimi ni daktari katika hospitali ya mkoa wa Tanga. Chuo kimoja cha nje kimenitumia andiko lililokamilika, siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, kikitaka nisaini kama mshirika. Kazi yangu imeandikwa kuwa ni kukusanya sampuli na picha za wagonjwa kwa ajili ya kufundisha mfumo wa akili unde (AI), na sampuli zote zitapelekwa kwao. Wenzangu wananiambia nisaini nisije nikapoteza nafasi. Nifanyeje?

Dada daktari, usisaini hivyo lilivyo. Siku tatu zinatosha kuandika barua moja yenye madai manne, na chuo kinachokuhitaji kitaijibu.

Dai kwanza cheo cha mtafiti mkuu mwenza, kwa kuwa wagonjwa ni wako na utaalamu wa ugonjwa ni wako. Pili, dai mgawanyo wa bajeti unaoonyesha mishahara, vifaa na gharama za uendeshaji zitakazobaki hospitalini kwako. Tatu, dai kwamba uchambuzi wa data, au angalau sehemu yake, ufanyike nchini na vijana wawili wafunzwe kuufanya. Nne, dai maandishi kuhusu uandishi wa makala na haki juu ya mfumo utakaotokana na picha hizo. Hili la nne lina uzito wa pekee katika akili unde, kwani sampuli ya damu hutumika ikaisha, ilhali picha zikishaingia katika mfumo hubaki humo na huweza kuzaa bidhaa itakayouzwa kwa hospitali yako mwenyewe.

Sheria iko upande wako, nawe uitaje kwa utulivu. Utafiti wa afya unapitiwa na kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Watafiti wa kigeni wanahitaji kibali cha COSTECH. Sampuli hazitoki nchini bila mkataba wa kuzihamisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje. Mshirika aliyeandika ratiba ya kuanza kukusanya sampuli mwezi wa kwanza wa mradi hajui vibali hivi vinachukua muda gani, na kumweleza ni kumsaidia. Wakikataa yote manne, nafasi unayoambiwa utaipoteza haikuwa yako tangu mwanzo.

Barua ya nne: Nipo Dodoma. Baada ya mabadiliko ya sera za Marekani mwaka 2025, je, kuna haja ya kuendelea kuomba huko? Pia, naruhusiwa kutumia akili unde kuandika andiko?

Haja ipo, ila usitegemee mlango mmoja. Mwezi Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya ambazo mpokeaji mkuu hupitisha sehemu yake kwa taasisi za nje ya Marekani hadi iwe na utaratibu mpya wa kuzifuatilia. Kwa hiyo soma kila tangazo upya, hata kama uliwahi kulisoma mwaka uliopita, na umwulize afisa wa programu kuhusu ustahiki kabla ya kitu kingine. Sambamba na hilo fuatilia miito ya Global Health EDCTP3, ubia wa Ulaya na Afrika katika utafiti wa afya, ya Wellcome, mfadhili wa utafiti aliye London, na ya Science for Africa Foundation yenye makao Nairobi. Katika miito ya Horizon Europe, ambamo EDCTP3 imo, andiko hupimwa kwa ubora wa kisayansi, matokeo tarajiwa na ubora wa utekelezaji. Kila kigezo kina alama 5, na kwa kawaida unahitaji angalau 3 katika kila kimoja na 10 kwa jumla, kwa hiyo sayansi nzuri haiokoi mpango dhaifu wa utekelezaji.

Kuhusu akili unde, kila mfadhili ana msimamo wake. NIH ilieleza kwamba kuanzia tarehe 25 Septemba 2025 haihesabu kuwa kazi halisi ya mwombaji andiko ambalo kwa sehemu kubwa limetungwa na akili unde, na ikaweka ukomo wa maombi 6 kwa mtafiti mkuu mmoja kwa mwaka. Kusahihisha sarufi ya Kiingereza ni jambo moja, kutungiwa wazo ni jingine. Tena usiweke humo andiko la mwenzako ulilopewa kulihakiki, kwa maana hiyo ni siri uliyokabidhiwa. Rasimu yako ya kwanza iandike mwenyewe, kwa Kiswahili ukipenda, ukiwa umekaa karibu na wagonjwa unaowazungumzia.