Fuvu la Kalenga na klipu isiyo na jina

Swali lenu la wiki ni hili: "Mwanafunzi wa sekondari anayeandika insha ya historia aamini tovuti gani?" Jibu langu lilikuwa fupi: hata moja. Aweke simu pembeni, afungue kitabu. Nina steshenari karibu na shule hapa Iringa, na muhula ukikaribia kuisha nashinda nikiprinti insha za watoto. Aya nzima zimehamishwa zilivyo, hata viungo vya bluu havijafutwa. Siku hizi na akili mnemba imeingia: Kiswahili kimenyooka, ila ukiuliza kimetoka wapi hakuna wa kukujibu.

Sasa nimeanza kuandika, naona swali lenu limeelemea tovuti kupita kiasi. Mimi tatizo nililiona kwingine.

Kijana wa kidato cha pili alikuja na insha ya Historia ya Tanzania na Maadili kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Ukurasa wa kwanza tu: Mkwawa alinyongwa na Wajerumani. Nikamwambia, mwanangu, ukisema hivyo hapa Iringa hata wapiga debe wa stendi watakucheka. Mkwawa alijipiga risasi kule Mlambalasi, tarehe 19 Julai 1898, asikamatwe akiwa hai. Akanionyesha klipu: ngoma za vita, sauti nzito, jina la aliyeitengeneza hakuna. Nikamhubiria vya kutosha. Akasikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Sawa mama, na wewe umejulia wapi?"

Kwa bibi yangu, kwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa makumbusho ya Kalenga, kijiji cha hapa Iringa, tulikopelekwa tukiwa watoto. Yaani kwa kuambiwa. Nikavuta kiti, tukaanza kutafuta pamoja, na bando likawa langu.

Tulichozama nacho ni fuvu. Kila mtu hapa anajua kichwa cha Mkwawa kilikatwa, na kwamba fuvu liko Kalenga. Daftari la kijana lilikuwa na mstari mmoja tu: "Fuvu lilirudishwa mwaka 1954." Mtandaoni tukaupata Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, maandishi yake yote. Kifungu cha 246 kinaiamuru Ujerumani ikabidhi Uingereza fuvu la "Sultani Mkwawa" ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Kifungu hichohicho kinadai pia Msahafu wa Khalifa Uthman uliotolewa Madina. Hapo ndipo kijana alinishangaza. Akaona kwamba kuhusu Msahafu mkataba unatumia lugha ya "inasemekana" alipewa Kaisari wa Ujerumani, lakini kuhusu fuvu unasema moja kwa moja kwamba lilipelekwa Ujerumani. Nani alikuwa na uhakika huo? Wajerumani wenyewe walikana kuwa nalo, na miezi sita ikapita bila fuvu.

Tukarudi nyuma. Wazo lilitoka kwa Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza huku, mwaka 1918. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani, naye aliona kurudisha fuvu kungewafurahisha na kuonyesha kwamba enzi ya Mjerumani imekwisha. Kwa hiyo aliyetoa wazo alikuwa na haja yake. Halafu mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, yenye mafuvu mengi. Alitumia vipimo: upana wa fuvu ukilinganishwa na urefu wake, kwa kufuata vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliopimwa. Katika yaliyokaribiana na kipimo hicho, moja lilikuwa na tundu la risasi. Likachaguliwa hilo. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga. Siku 18 baadaye TANU, chama kilichodai uhuru, ikazaliwa Dar es Salaam. Sidai kwamba mambo hayo mawili yameshikana, ila gavana wa wakati ule alihitaji machifu wa kumuunga mkono.

"Kwa hiyo ni lake au si lake?" kijana akauliza.

Mimi ni Mhehe, na pale Kalenga nikifika nanyamaza kwa heshima. Nilimwambia aandike alichofanya Twining hatua kwa hatua, na asithubutu kuandika neno "lilithibitishwa".

Basi jibu langu la mstari mmoja limeharibika. Tungebaki na notsi tungebaki na "lilirudishwa 1954", ambayo si uongo lakini haimfundishi mtu kitu. Mkataba tuliusoma kwa simu, bure. Tena ulikuwa chanzo cha wakati uleule, chenye sahihi za wakubwa wa dunia, na bado ulitaka kuulizwa kama ile klipu. Mwanafunzi atumie mtandao. Aseme nani ameandika, lini, na alikuwa anataka nini. Vyanzo vikigongana, kama idadi ya askari waliokufa na kamanda wa Kijerumani Zelewski, walipopigwa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, aweke hesabu zote mbili na asichague ile inayompendeza. Wikipedia aisome, kisha ateremke chini kabisa kwenye marejeo na kuanzia hapo.

Klipu zisizo na jina bado nazikataa, hapo sijalegea. Na walimu wasidai vyanzo vya mtandaoni kwa mtoto ambaye nyumbani kwao bando linanunuliwa kwa zamu. Halafu kuna mtihani wa taifa. Huko nilimshauri ajibu vile mwongozo wa kusahihisha unavyotaka, mwaka 1954 na nukta, Twining na vipimo vyake awaache nje ya chumba.