Nipande maotea au vichwa vya mananasi?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nina ekari moja Kiwangwa, Bagamoyo. Vichwa vya mananasi napewa bure sokoni, maotea yanauzwa. Nichukue yapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama unalimia soko, nunua maotea, yaani machipukizi yanayoota kwenye shina la mnanasi. Kichwa, kile kishungi cha majani juu ya tunda, huchukua karibu miaka 2 hadi kuvuna. Otea zuri miezi 15 hadi 18. Palizi ya miezi hiyo ya ziada utailipa wewe.

Ila nenda ukachague mwenyewe, nanasi likiwa bado shambani, uuone mnanasi mama uliozaa vizuri. Mimi mzigo wangu wa kwanza niliupokea usiku bila kuukagua. Asubuhi nikabandua majani ya chini: unga mweupe umeganda kitakoni, sisimizi wanapishana. Vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza utomvu! Nikapanda hivyohivyo, kwa uchungu wa pesa. Majani yakageuka mekundu, ncha zikajikunja, shamba likadumaa. Bado linaniuma.

Tenga maotea kwa ukubwa, kila ukubwa na tuta lake, ili yazae pamoja upate mzigo wa kujaza gari. Kabla ya kupanda, yageuze kitako juu siku chache, kidonda kikauke. Kibichi huoza ardhini.