Kinu kwanza, mashine baadaye

SWALI: Nataka kununua mashine ya espreso ya nyumbani yenye boila mbili. Kinu nilicho nacho ni cha umeme, cha visu vinavyozunguka. Kitatosha?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hakitatosha. Visu hukatakata kahawa ovyo: unga mwembamba huleta uchungu, chenga kubwa huleta uchachu, vyote ndani ya kikombe kimoja. Hakuna mashine itakayorekebisha hilo, hata iwe ghali namna gani. Tafuta kinu cha meno (kinachosaga kahawa kati ya vipande viwili vya meno), bapa au ya koni, ya milimita 60 hivi, ambacho ulaini wa usagaji hurekebishwa bila vituo, yaani popote upendapo, si kwa hatua zilizopangwa. Kwenye espreso, kukisogeza kidogo tu hubadili muda wa kahawa kutoka kwa sekunde kadhaa.

Boila mbili zinakufaa ukinywa ya maziwa kila siku, kwani moja hushika maji kwenye nyuzi 93 hivi huku nyingine ikitoa mvuke. Kwa espreso tupu, boila moja yenye kidhibiti joto cha PID (cha kielektroniki, kinachozuia joto lisiyumbe) inatosha kabisa. Pesa iliyobaki iongeze kwenye kinu.

Anza na gramu 18 za kahawa, upate gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 15, saga laini zaidi. Ikidondoka tone tone, saga chenga zaidi. Shindilia sawasawa, la sivyo maji hupenya upande mmoja.

Maji ya visima vya Pwani yana chokaa nyingi, nayo huziba boila. Yalainishe kwa kichujio. Lakini maji yaliyoondolewa madini yote pia hayafai: kifaa kinachopima kiwango cha maji ndani ya boila huweza kushindwa kuyatambua.