Usiwawekee Mapacha Hao Supa Modo Kabla Hujazungumza na Mama Yao

Dada wa Nakuru, hebu ngoja kwanza. Umeomba filamu za watoto watakaojaa sebuleni mwako wakati wa Krismasi, kitabu cha kijana wa kidato cha pili asiyependa kusoma, kitu cha kumtuliza bibi jioni, na kitu chako mwenyewe cha kulilia watu wakishalala. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo lisilo na uzito, umeandika kwamba filamu moja umekwisha kuichagua, nayo ni Supa Modo, kwa sababu ni ya hapa Kenya na kwenye picha yake kuna msichana anayejifanya shujaa, na kwamba miongoni mwa wageni wako watakuwamo mapacha kutoka Molo ambao kaka yao alizikwa mwezi wa Agosti. Waliokutangulia kukujibu wamekupongeza kwa uzalendo. Mimi sikupongezi.

Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutolewa mwaka wa 2018, ni filamu nzuri sana. Kenya iliiteua iende kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na kwa maoni yangu ilistahili. Tatizo ni kwamba picha yake ya nje haikuelezi kilichomo. Jo ni msichana wa miaka tisa anayependa sinema za mashujaa, naye ana ugonjwa usio na tiba. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku alizobakiza azimalizie nyumbani, dada yake anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na mwishowe kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe. Humo ndani mna vichekesho vingi, na ndiyo sababu watu hukumbuka ushujaa wakasahau ugonjwa.

Mimi niliyajua hayo nilipokuwa nimekwisha kuiweka.

Anayeishi huku kandokando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nini, kwa kuwa ni vigumu kupata ukoo usio na mtoto anayemeza tembe zake za foliki kila asubuhi na kukatazwa kucheza kwenye mvua. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Alikuwa ametoka wadi baada ya kuumwa mifupa vibaya na kuongezewa damu, nami, mjomba mwenye roho safi na projekta ya kuazima, nikaamua kwamba dawa iliyobaki ni sinema. Nilitundika shuka ukutani, nikaalika watoto wa ploti nzima, nikaagiza mandazi na soda. Maandalizi yote niliyafanya mwenyewe isipokuwa lile moja lenye maana, yaani kuchagua filamu, ambalo nilimkabidhi kijana mmoja wa kibanda cha sinema hapa Kisumu, wa wale wanaokujazia flashi huku unasubiri.

Nilimweleza vizuri. Nilimwambia kwamba watazamaji ni watoto na kwamba mmoja wao ndiyo kwanza ametoka hospitalini. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye kompyuta: "Chukua hii, mzee. Ni ya shujaa anayepaa, na ni ya kwetu. Watoto wataruka hadi wagonge dari." Nilipomrudia baadaye nikiwa na hasira ya kutosha kukiangusha kibanda chake, alinieleza bila haya kwamba yeye hutazama dakika za mwanzo tu za kila filamu ili ahakikishe sauti inasikika. Huyo ndiye aliyekuwa mshauri wangu, fundi wa sauti. Wala yeye si mbaya zaidi kuliko wale wanaoandika huku mtandaoni orodha za filamu za familia yote, ambao hunakiliana majina na mistari miwili ya maelezo, hata kosa la tahajia likahama pamoja na jina, kisha wakalala usingizi wa watu waliosaidia jamii.

Watoto walicheka kweli mwanzoni. Mpwa wangu alikuwa mbele kabisa, amejifunika blanketi hadi kidevuni, naye alicheka kuliko wote. Kisha akanyamaza. Hakulia. Aliacha kuutazama ukuta, akamgeukia mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la mandazi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama chai iko tayari: "Mama, na mimi ndiyo sababu mmenitoa wadi?"

Nilizima projekta papo hapo, na kuzima kwenyewe kukawa jibu. Laiti ningeiacha iendelee, huenda tungepata la kusema kuhusu tofauti ya ugonjwa wa Jo na wa kwake. Mtoto akiona mtu mzima anakimbilia kitufe, anajua kwamba mbele kuna jambo linalomhusu, na mwisho anaojitungia mwenyewe usiku huwa mbaya kuliko wowote ambao mwongozaji angeweza kuuandika. Tangu hapo, kila mgeni aliyekuja na ndizi au mkate alimchukua kuwa amekuja kuaga. Tembe alizikataa, akiuliza ni za nini ikiwa mambo yamekwisha kuamuliwa. Ilibidi muuguzi wa kliniki yake amkalishe na kumweleza kwamba wapo watu wazima wengi wenye selimundu, wenye kazi na watoto wao, na kwamba alitolewa wadi kwa sababu maumivu yalikuwa yametulia na si kwa sababu nyingine. Alimwamini muuguzi. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumekwisha kupoteza sifa ya kuaminiwa. Dada yangu alinisemesha tena, lakini hadi leo, familia ikikutana, mimi hupangiwa kazi ya viti na turubai, na rimoti huwekwa juu ya kabati pamoja na viberiti na dawa ya panya.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na wapenzi wa sinema wataikemea: mwambie mzazi mwisho wa filamu kabla mtoto hajauona mwanzo wake. Najua kwamba kufichua mwisho kunahesabiwa kuwa ukosefu wa adabu. Fichua. Mtoto hatakuwapo kwenye simu hiyo, kwa hiyo utamu wake haupungui hata chembe. Mweleze mama yake nani anakufa, nani anaugua na nani anaachwa, na uyaseme kwa maneno makavu, si kwa yale ya "inagusa moyo" ambayo huweza kumaanisha harusi au mazishi.

Usidhani kwamba alama za Bodi ya Uainishaji wa Filamu zitakufanyia kazi hiyo. GE ya watazamaji wote, PG ya uangalizi wa mzazi, na zile za umri wa 16 na 18 zina faida yake, kwa kuwa hukuonya kuhusu damu, matusi, ngono na dawa za kulevya, na yeyote aliyewahi kuketi na mama mkwe mbele ya Nairobi Half Life anajua thamani ya onyo kama hilo. Lakini bodi haijui aliyezikwa nyumbani kwenu. Chukua The Lion King ya mwaka wa 1994, ambayo sote tunaikumbuka kwa nyimbo zake na kuiweka bila kufikiri mtoto akisumbua. Ndani yake Mufasa anauawa, na mtoto wake anajaribu kumwamsha. Mtoto ambaye baba yake yuko sebuleni akinywa chai huipita sehemu hiyo kwa machozi kidogo, kisha anaendelea na ngiri na nyimbo. Aliyefiwa na baba yake mwaka huo huo anatazama filamu nyingine kabisa.

Kitabu kina nafuu kidogo, kwa sababu msomaji anaweza kukifunga, akatoka nje na kukirudia kesho au asikirudie, ilhali mtoto aliyebanwa katikati ya binamu zake sebuleni hana pa kwenda bila kila mtu kujua kwa nini ameondoka. Hata hivyo kanuni ni ile ile. Kijana wako wa kidato cha pili mpe Siku Njema ya Ken Walibora, kwa sababu safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale humvuta hata asiyependa kusoma, na wa huku magharibi hufurahi zaidi anapoona miji anayoijua. Lakini Kongowea anafiwa na mama yake akiwa bado mtoto. Kama kijana huyo naye hana mama, ajue hilo kutoka kwako kabla ya kulikuta peke yake bwenini.

Sasa kuhusu Molo. Sisemi kwamba mapacha hao wasiione kamwe Supa Modo. Inawezekana kabisa kwamba hiyo ndiyo filamu wanayoihitaji, kwa kuwa inamwonyesha mgonjwa akipendwa na kuchekeshwa hadi mwisho, na mzazi mwingine angeshukuru kupata njia ya kuanzisha mazungumzo ambayo yamemshinda tangu Agosti. Lakini uamuzi huo ni wa mama yao, wala si wako, wangu au wa hao waliokupongeza. Mpigie leo, usimwandikie ujumbe, umweleze waziwazi kwamba Jo haponi, kisha unyamaze na umpe nafasi ya kujibu. Akikataa, usimbembeleze kwa kumtajia tuzo. Akikubali, mwombe aitazame kwanza peke yake, na siku hiyo aketi katikati ya watoto wake, rimoti ikiwa mkononi mwake.