Kupima udongo wa mashamba elfu tatu: anza na siku ya kupanda

Mama mmoja wa Butere, magharibi mwa Kenya, aliwahi kunitolea karatasi ya majibu ya udongo kutoka kwenye mfuko anamohifadhi vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Ilikuwa imekunjwa vizuri, haina doa. "Nimeitunza, mwalimu," akaniambia. "Sasa nisomee. Inasema nifanye nini?" Tulikuwa tumempelekea karatasi ile sisi wenyewe, mwezi wa Mei, mahindi yake yakiwa yamefika magotini. Ilijaa tarakimu, na chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa ushauri: aweke chokaa kabla ya kupanda.

Kwenye ripoti, mradi ule ulifaulu, kwa sababu idadi ya sampuli ilitimia. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa, nawaomba msianze kupanga kwa kuuliza mtapima mashamba mangapi. Ulizeni mkulima atapanda lini, na majibu yatamkuta akiwa bado na nafasi ya kubadili nini.

Chukua Kakamega na Vihiga. Mvua ndefu huanza Machi. Chokaa huhitaji unyevu na wiki kadhaa ardhini kabla ya kupunguza asidi, kwa hiyo mkulima anapaswa kuwa nayo nyumbani kufikia Januari. Ili ainunue Januari, lazima awe na majibu mapema Desemba. Sasa rudi nyuma. Ukiwa na sampuli 3,000 na maabara inayomaliza 60 kwa siku, hizo ni siku 50 za kazi, yaani wiki kumi, na hapo mashine haijaharibika wala umeme haujapotea. Vikosi 12 vya watu wawiliwawili, kila kimoja mashamba kumi kwa siku, vitamaliza kuchukua udongo kwa wiki tano. Hesabu hiyo inakutua Agosti. Na Agosti ndiyo dirisha lenyewe: mahindi ya mvua ndefu yanavunwa, na watu hawajaweka mbolea ya msimu wa pili. Ukichelewa wiki tatu utakuta shamba limepandwa upya, na sampuli utakayochota itakupimia mbolea ya DAP ya juzi badala ya udongo.

Rongai na Njoro, upande wa Nakuru, hesabu ni nyingine. Mahindi ya huko hukaa shambani hadi Oktoba au Novemba, hivyo muda kati ya mavuno na mvua ya Machi ni mfupi zaidi. Afadhali upunguze idadi kuliko kupeleka majibu wakati jembe limeshapita.

Desemba ina faida nyingine ambayo mipango mingi huisahau. Ndipo vijana walio Nairobi na Mombasa wanaporudi nyumbani, na ndipo uamuzi wa fedha za shamba unapofanywa. Mama anayelima anajua shamba lake kuliko mtu yeyote, lakini mara nyingi anayetuma pesa za mbolea kwa M-Pesa ni mtoto wake. Karatasi ikisomwa wote wakiwa wamekaa pamoja, chokaa inanunuliwa.

Sasa twende shambani, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa takriban tani 800 hadi 1,000. Wewe unabeba nusu kilo. Maabara inapima gramu chache za ile nusu kilo. Hakuna mashine duniani itakayorekebisha nusu kilo iliyochotwa vibaya. Kwa hiyo tembea kwa mtindo wa zigizaga, toboa mahali 15 hadi 20, kina kilekile kila mara, changanya vizuri kwenye ndoo ya plastiki, kisha punguza hadi nusu kilo. Usitumie ndoo ya mabati, kwani zinki yake itaingia kwenye majibu. Epuka kichuguu, ua, chini ya miti, mahali samadi ilipolundikwa, na palipokuwa zizi. Zizi la zamani halionekani kwa macho, kwa hiyo uliza. Mwenye shamba atakwambia, "Hapa ndipo ng'ombe wa mzee walikuwa wanalala," na utakuwa umeokoa sampuli. Kama sehemu ya juu na ya bondeni hazifanani, hizo ni sampuli mbili, hata kama shamba ni la ekari moja.

Andika lebo mbili, moja nje na moja ndani ya mfuko mdogo wake, kwa penseli. Sisi tuliandika kwa wino, nje tu, mvua ikatukuta njiani juu ya bodaboda, na gunia zima likawa udongo usio na mwenyewe. Tulirudi kwa kila mkulima kuomba radhi na kuchota upya. Panga pia mahali pa kuanikia: sampuli 3,000 ni tani moja na nusu ya udongo mbichi, na zinataka kukauka kwenye hewa, kivulini, mbali na magunia ya mbolea. Chumba hicho kitafute kabla ya kununua hata ndoo moja.

Usiingie kijiji bila kupita kwa chifu na kwenye baraza. Kakamega ilikuwa na mbio za dhahabu miaka ya 1930, na huko Ikolomani watu wanachimba hadi leo. Mgeni anayetoboa ardhi ya mtu, anafunga udongo kwenye mifuko na kurekodi mahali kwa simu, anatafuta nini? Swali hilo ni la haki, lijibu wazi. Eleza pia taarifa zitahifadhiwa wapi na nani ataziona, na upate ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai hivyo, na heshima ilikudai kabla ya sheria.

Kuhusu maabara nitasema machache. Uliza wanatumia njia gani, kwa sababu fosforasi iliyopimwa kwa njia ya Olsen na ile ya Mehlich 3 hazilinganishwi, na pH, yaani kipimo cha asidi, ikipimwa ndani ya maji huwa juu kuliko ikipimwa ndani ya kloridi ya kalsiamu. Ukibadilisha maabara katikati ya mradi, ramani yako itaonyesha mpaka ambao haupo ardhini. Upimaji wa mwanga wa infraredi, ambao ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu pale Nairobi, wameuendeleza kwa miaka mingi, ni wa haraka na nafuu, na hukadiria vizuri kaboni, mfinyanzi na pH. Kwa fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia si wa kutegemewa vivyo hivyo, kwa hiyo sehemu ya sampuli lazima zipimwe kwa kemikali. Na kila baada ya mifuko 20, ingiza mmoja uliorudiwa wenye namba ngeni. Majibu ya mapacha hao yakiachana sana, simamisha kazi siku hiyohiyo.

Halafu ushauri wenyewe. Usinakili ushauri wa Vihiga ukaupeleka Ahero, kwenye tambarare za Kano. Kwenye pH chini ya 5.5, yaani udongo wenye asidi nyingi, aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hufungwa ardhini. Ndiyo maana mtu anamwaga mbolea kila mwaka na mahindi yanabaki ya zambarau. Lakini udongo mweusi wa Kano unaopasuka wakati wa kiangazi una shida zake tofauti, na kule Molo chokaa kupita kiasi huleta ukoko kwenye viazi. Siaya na Busia, ukikuta kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, shambani, zungumzia nitrojeni, samadi na kupanda mikunde kabla ya lolote lingine.

Tani 2 za chokaa kwa hekta ni karibu kilo 800 kwa ekari, mifuko 16 ya kilo 50. Mwambie hivyo, kwa mifuko. Mbolea ya kila shimo mwambie kwa kizibo cha soda, maana ndicho kipimo alicho nacho mkononi. Kisha umpe njia tatu: ya mwenye pesa zote, ya mwenye pesa za mifuko minne, na ya asiye na kitu msimu huu. Huyo wa mwisho usimwache na karatasi tupu. Aanze na robo ekari, arudishe mabua shambani badala ya kuyachoma, na samadi aliyo nayo aiweke shimoni badala ya kuitawanya.

Kabla karatasi hazijatoka, zungukia agroveti za sokoni. Chokaa nyingi ya huku inatoka Koru, si mbali, lakini mwenye duka haagizi bidhaa ambayo hakuna anayeiulizia. Mpelekee makadirio ya mifuko Novemba. Tulipofanya hivyo mwaka uliofuata, yule mama wa Butere alipata mifuko minne kwenye soko lake, akailipia yeye mwenyewe, na mwanawe akaibeba kwa mkokoteni hadi nyumbani siku mbili kabla ya Krismasi.