Altezza yangu, foleni ya Kimara na rimu nilizonunua kabla ya tairi

Kitu cha kwanza nilichoinunulia Altezza yangu, gari la sipoti la Toyota, kilikuwa rimu. Inchi 18, nyeusi, midomo inang'aa kama sufuria mpya. Nilizilipia kabla sijabadilisha hata oili. Wiki ya tatu, jioni ya mvua, nikaingia kwenye shimo lililojaa maji karibu na Kimara. Rimu ya mbele kushoto ikakunjika, tairi likapasuka ubavuni. Nikawasha hazadi, nikakaa pembeni nikihesabu mabasi ya mwendokasi yanavyonipita na abiria wake wakavu.

Tangu siku hiyo kila kijana anayenunua gari la sipoti kwa ajili ya kwendea kazini akiniuliza aanze na nini, namuuliza kwanza: una shilingi ngapi kwa mwezi baada ya mafuta? Jibu likiwa dogo, kama langu, basi utaratibu ninaoueleza hapa utakusaidia. Likiwa kubwa, hunihitaji mimi.

Altezza ilitengenezwa na Toyota kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Hata ile iliyotoka kiwandani mwisho sasa ina umri wa kijana wa chuo. Ya kwangu ni toleo la RS200, la gia sita za mkono, injini ya 3S-GE ya lita 2, ambayo kwenye karatasi ina nguvu za farasi 210. Sikiliza lakini: farasi hao wote hufika injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Kati ya Kimara na Posta, saa moja asubuhi, sindano yangu haivuki 3,000. Na barabara ikifunguka kuna matuta, kuna bodaboda, kuna trafiki na tochi yake. Kwa hiyo anayekwambia uongeze nguvu anakuuzia kitu ambacho huna pa kukitumia, wakati farasi uliowalipia bandarini nusu yao wamekwisha kufa kwa plagi zilizochoka na eya klina iliyoziba vumbi.

Gari la umri huu halidai kuongezewa. Linadai kurudishiwa kilichopotea, na ukilirudishia utashangaa lilivyo kali.

Dashibodi yangu ilisoma kilomita 87,000. Kama magari yote yanayoingia, ukiniuliza. Sikuiamini. Taimingi belti ya injini hii Toyota inataka ibadilishwe kila kilomita 100,000, na kwa kuwa sikujua imekwenda ngapi kweli, niliibadilisha mara moja pamoja na beringi zake na pampu ya maji, kwa sababu fundi akishafungua huko mbele, kazi ni ile ile na hela ya ufundi ni ile ile. Halafu oili ya injini, ya gia boksi, ya difu (gia za ekseli ya nyuma), kulanti badala ya maji ya bomba, mipira ya rejeta iliyokuwa imevimba. Hakuna aliyeniambia gari limependeza. Lakini katika joto la Februari, kwenye foleni ya Ubungo, sindano ya joto ilitulia katikati na mimi nikatulia nayo.

Hapo nikupe onyo la dukani. Ukienda Gerezani pale Kariakoo useme tu "nataka spea ya Altezza," utapewa ya Altezza, ila huenda si ya kwako. Toleo la AS200 lina injini nyingine kabisa, ya silinda sita, na namba yake ya chesisi inaanza na GXE10. RS200 ni SXE10. Piga picha kibati chenye namba hiyo uende nacho kwenye simu. Na boksi kuandikwa jina la kampuni si ushahidi wa chochote. Chukua spea ya zamani mkononi, linganisha uzito, linganisha maandishi yaliyochongwa. Fundi wangu ana msemo wake kwa spea feki: "Bosi, hii itafika mwisho wa mtaa."

Sasa tairi. Hapa ndipo ninapoomba utulie, kwa sababu ndipo pesa kidogo inapobadilisha gari zima. RS200 ilitoka na 215/45 inchi 17. Hiyo 45 maana yake ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana, karibu milimita 97. Ukivaa 225/40 inchi 18 unabaki na 90. Ukienda 225/35 inchi 19 unabaki na chini ya 80. Huo mpira unaoupunguza ndio godoro kati ya rimu yako na mashimo ya jiji hili. Mimi nilirudi inchi 17, rimu zile zile za kiwandani, nilizozipata kwa mtu aliyekuwa anakimbilia inchi 19. Mungu ambariki.

Tairi za mtumba niliacha. Najua zinavyovutia, michoro bado mirefu, bei ni kama ya chakula cha mchana. Angalia ubavuni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira hukauka hata ukikaa stoo, na mpira mkavu kwenye lami yenye maji hauna habari na wewe. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye mzunguko wa barabara uliolowa, na nyuma kuna tairi zilizokauka mpira, matako ya gari yanataka kutangulia. Yangu yalinifanyia hivyo mara moja, kwa mwendo ambao bajaji ingenipita. Kwa hiyo tairi nne mpya, za aina moja zote, za kampuni ya kati, hata kama zitakula akiba ya miezi minne. Huwezi zote? Basi mbili mpya zifungwe nyuma. Wengi hupinga wakisema mbele ndiko kwenye usukani. Mbele ikiteleza utaona na utapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, kwa dereva wa kawaida kama mimi, mambo yamekwisha kuharibika.

Breki nilizichelewesha, na nilijuta nikiwa mlima Kitonga. Tulikuwa tunarudi kutoka Iringa, watu wanne na mizigo, na mimi kwa ujinga nateremka mlima gia ya nne huku mguu uko kwenye breki muda wote. Kona ya tatu au ya nne pedali ikaanza kuzama kama unakanyaga sponji. Nikashuka hadi gia ya pili, injini ikapiga kelele, gari likashikika, abiria wakanyamaza. Chini ya mlima tulisimama karibu saa nzima, diski zinanuka.

Pedi hazikuwa na tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa fluidi ya breki, nyeusi kama chai iliyochemshwa mara mbili. Fluidi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na Dar unyevu hatuununui. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inachukua angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unabonyeza mvuke badala ya pedi. Kuimwaga yote na kuweka mpya ni kazi ya saa moja na lita moja. Nilikuwa nimetenga pesa ya diski kubwa zenye matundu. Nilinunua fluidi, pedi nzuri, nikasafisha pini za kalipa (kibanio cha pedi) zilizokuwa zimekwama, na hela iliyobaki ikarudi benki. Fluidi naibadilisha kila baada ya miaka miwili, na Kitonga nashuka kwa gia.

Baada ya hapo ni miguu, yaani vyuma na mipira inayoshika magurudumu. Gari likigonga "kokoko" kwenye kila tuta, usiniulize habari ya kulishusha. Boljointi za chini mbele ndizo ugonjwa maarufu wa Altezza, na zikikatika gurudumu linalala. Hizo huwa siweki za mtumba hata nikipewa bure. Bushi zilizochanika zinaweza kusubiri mwezi, boljointi hapana. Nilibadilisha boljointi, bushi za mkono wa chini, kisha shokapu zote nne, halafu alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu. Mpangilio huo una maana: ukianza na alaimenti kabla ya bushi, umelipia vipimo vitakavyobadilika ukifika nyumbani.

Kukata springi kwa grenda? Niliwahi kushawishika. Fundi mmoja, si huyu wa sasa, aliniambia ni dakika ishirini na soda. Bahati nzuri umeme ulikatika. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu, shokapu inafanya kazi ikiwa imejikunja, na gari linadunda kwenye vizuizi vyake kila tuta. Magari mengi yaliyokatwa springi tunayoyaona yanapita matuta kwa upande, kama kaa. Ukitaka lishuke kweli, subiri upate springi na shokapu zilizotengenezwa kwenda pamoja, na ujiulize kwanza geti la nyumbani kwako lina kizingiti kiasi gani.

Kuhusu ekzosi kubwa na eya klina ya koni sina mengi ya kusema. Koni ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye rejeta, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo umelipia mlio tu. Mlio ni mzuri, sikatai. Jirani yako anayeamkia zamu ya usiku hatakubaliana nami. Kuhusu kufunga turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, kwenye 3S-GE hii ambayo tayari inabana hewa sana, zaidi ya 11 kwa 1, kaa chini kwanza na anayekushauri umuulize nani atalipia pistoni.

Ukiwa na bima kubwa, waandikie kampuni yako mabadiliko yoyote kabla, si baada ya ajali. Na taa za mbele zikiwa za manjano, zing'arishe. Ni kazi ya Jumamosi moja na sandpepa laini, na usiku utaona tofauti kuliko balbu yoyote ya bei ghali.

Kwangu zoezi lote lilichukua mwaka na miezi kadhaa, kidogo kidogo, kila mshahara na kitu chake kimoja. Gari halina stika, halina mlio, kwa nje hakuna anayegeuka kulitazama. Ila ukilipeleka kona kwa kona ukielekea Lushoto, linakwenda unakolielekeza.

Zile rimu za inchi 18 nilizinyoosha nikamuuzia kijana mmoja wa Tabata. Nilimwambia yote haya, akatabasamu kwa heshima, akafunga siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata alinipigia: "Shikamoo bro, yule fundi wako wa kunyoosha rimu, bado yupo?"